Robert Boyle, mtoto wa tajiri aliyeipima hewa

Wanafunzi wa sekondari, wa Gatina kule Kawangware kama wa kwingineko nchini Kenya, hulijua jina la Robert Boyle kabla ya kumjua mwenyewe. Katika mtaala wa 8-4-4 hukutana naye kidato cha tatu, kwenye mada ya kanuni za gesi, akiwa amekwisha kugeuka fomyula: shinikizo mara ujazo. Huikariri, wakaingiza tarakimu, wakasonga mbele. Ni wachache wanaoambiwa kwamba nyuma ya fomyula hiyo yuko mtu mwenye afya dhaifu na kigugumizi, aliyepingwa hadharani na ambaye jibu lake lilikuwa kurudi kupima upya.

Boyle alizaliwa Januari 25, 1627 katika kasri la Lismore, kusini mwa Ireland. Alikuwa mtoto wa 14 wa Richard Boyle, lodi wa Cork, Mwingereza aliyefika Ireland akiwa na fedha kidogo na kuishia miongoni mwa matajiri wakubwa wa zama zake. Utajiri huo ulitokana kwa sehemu kubwa na ardhi waliyopokonywa wenyeji. Msomaji anayeijua historia ya walowezi nchini Kenya hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Mamaye alifariki Boyle akiwa na umri wa miaka mitatu. Alipofika minane alipelekwa katika shule ya Eton, Uingereza, na baadaye akazuru Uswisi na Italia pamoja na mwalimu wake. Alikuwa Florence majira ya baridi ambapo Galileo aliaga dunia karibu na mji huo, Januari 1642. Wakati huo Wairishi walikuwa wamekwisha kuasi, na fedha za kutoka nyumbani zikakatika. Alirejea Uingereza mwaka wa 1644, baba akiwa amekufa.

Katikati ya miaka ya 1650 alihamia Oxford. Hakuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Alikodi nyumba, akanunua vyombo na kuajiri wasaidizi. Mmoja wao alikuwa Robert Hooke, kijana fundi aliyemtengenezea pampu ya kunyonya hewa kutoka ndani ya chupa kubwa ya kioo. Mshumaa uliowekwa humo ulizimika hewa ilipotolewa. Ndege na panya walikufa. Mlio wa saa ulififia.

Boyle hakuijua oksijeni, iliyotambuliwa zaidi ya karne moja baadaye, lakini alionyesha kwamba moto na uhai vyote viwili huitegemea hewa. Funzo hilo lina uzito mkubwa katika nyumba za chumba kimoja. Jiko la makaa likiwashwa usiku wa baridi ya Julai, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa, makaa hukosa oksijeni ya kutosha na kutoa monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini.

Kitabu chake kuhusu pampu kilitoka mwaka wa 1660. Padri Mjesuti, Francis Line, akakishambulia. Alidai kwamba zebaki haisimami ndani ya mrija kwa sababu ya msukumo wa hewa, bali hushikiliwa na uzi fulani usioonekana. Boyle angeweza kumjibu kwa maneno, ila alichagua kumjibu kwa vipimo.

Alichukua mrija mrefu wa kioo uliopindwa mfano wa herufi J, upande mfupi ukiwa umezibwa. Wa kwanza ulivunjika na zebaki ikamwagika. Mwingine ulikuwa mrefu kiasi cha kuhitaji kusimamishwa penye ngazi. Alimimina zebaki kidogo kidogo na kuandika kila kipimo. Hewa ilipobanwa hadi nusu ya nafasi yake ya awali, shinikizo lilipanda kutoka takriban sentimita 74 za zebaki hadi 149. Hesabu ilitaka 148. Tofauti ilikuwa kama asilimia moja, naye hakuificha. Aliweka vipimo vyake na matarajio ya hesabu katika jedwali moja, kila mtu ajionee.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1662. Boyle aliwataja wazi wengine waliokuwa wamelifikiria wazo hilo, akiwemo Richard Towneley. Mfaransa Edme Mariotte alieleza kanuni iyo hiyo miaka ya 1670, na hadi leo Wafaransa huliambatanisha jina lake nayo.

Kwa lugha ya darasani, shinikizo la gesi likizidi mara tatu, ujazo wake hupungua hadi theluthi. Sirinji isiyo na sindano, iliyozibwa kwa kidole, yatosha kulihisi jambo hilo pale ambapo maabara ni haba. Hewa ya mililita 60 yenye shinikizo la kilopaskali 100 ikibanwa hadi mililita 20, zidisha 60 kwa 100, upate 6,000. Gawanya kwa 20, upate kilopaskali 300.

Hata hivyo, kanuni hiyo ina masharti mawili yanayowaponza watahiniwa wengi. Kiasi cha gesi kisibadilike, na halijoto isibadilike. Anayejaza upepo kwenye gurudumu la mkokoteni anaongeza hewa, kwa hiyo fomyula hiyo pekee haimfai. Na halijoto ikibadilika, inaingia kanuni ya Jacques Charles, Mfaransa wa karne ya 18, inayodai vipimo vya kelvini. Gesi iliyo kwenye nyuzi 27 za selsiasi haiongezeki maradufu ikifika 54. Nyuzi 27 ni kelvini 300. Maradufu yake ni 600, yaani nyuzi 327.

Kazi ya Boyle haikuishia kwenye gesi. Mwaka wa 1664 alieleza jinsi maji ya maua ya urujuani yanavyogeuka mekundu yakitiwa asidi na kijani yakitiwa alkali. Ndio msingi wa viashiria ambavyo wanafunzi hutumia kutambua mmenyuko ambapo asidi na besi huzimana na kuzaa chumvi na maji. Aidha, alieleza gesi inayowaka, itokayo vipande vya chuma vikitiwa ndani ya asidi. Leo twajua kwamba hapo chuma huchukua nafasi ya haidrojeni na kuifukuza.

Hakuwa mtu asiye na mikanganyiko. Aliwakosoa wanakemia wa kale katika kitabu chake cha mwaka wa 1661, lakini aliamini maisha yake yote kwamba madini duni yanaweza kugeuzwa dhahabu. Mwaka wa 1689 alisaidia kufutwa kwa sheria ya kale ya Uingereza iliyopiga marufuku jaribio hilo. Mtoto huyo wa familia iliyoneemeka kwa ardhi ya Wairishi aligharimia pia uchapishaji wa Biblia kwa lugha yao.

Mwaka wa 1680 alichaguliwa kuwa rais wa Royal Society, chama cha wanasayansi alichosaidia kukiasisi, akakataa kwa sababu dhamiri yake haikumruhusu kula kiapo kilichohitajika. Hakuoa. Tangu 1668 aliishi London nyumbani kwa dadaye, Katherine, mwanamke msomi aliyekuwa mshauri wake wa karibu. Katherine alifariki Desemba 1691. Ilipita takriban wiki moja tu, naye Boyle akamfuata, akiwa na umri wa miaka 64.

Walizikwa katika kanisa la St Martin-in-the-Fields. Kanisa hilo lilibomolewa karne iliyofuata ili lijengwe jingine, na kaburi la Boyle halijulikani lilipo. Jedwali lake la vipimo, pamoja na ile asilimia moja aliyokataa kuificha, lingalipo.