George Washington Carver na Udongo Uliochoka

Huenda umewahi kuona shamba lililopandwa zao moja kwa miaka mingi. Mimea yake hudumaa, na majani yake huwa ya manjano. Mashamba ya namna hiyo ndiyo aliyoyakuta George Washington Carver alipofika Alabama, kusini mwa Marekani, mwaka 1896.

Carver alizaliwa utumwani katika jimbo la Missouri, yapata mwaka 1864. Angali mchanga, yeye na mama yake walitekwa na wanyang'anyi. Mtoto alirudishwa, mama hakuonekana tena. Kwa kuwa mwili wake ulikuwa dhaifu, hakupewa kazi nzito, akawa anatunza mimea, hata majirani wakamletea mimea yao iliyougua. Shule ya karibu haikupokea watoto weusi. Basi aliondoka nyumbani, akatafuta elimu mji hadi mji, huku akifua nguo za watu ili apate riziki. Mwaka 1896 alipata shahada ya pili katika chuo cha kilimo cha Iowa, na mwaka huohuo Booker T. Washington akamwita kufundisha katika chuo cha watu weusi cha Tuskegee, huko Alabama.

Wakulima wa huko walipanda pamba mwaka hadi mwaka. Wengi walilima ardhi isiyo yao, na sehemu ya mavuno ilikwenda kwa mwenye shamba. Mavuno yalipopungua, deni liliongezeka, na mbolea ya dukani hawakuimudu. Carver aliwashauri wapande kunde, zao ambalo asili yake ni hapa Afrika, au karanga, kisha ndipo warudie pamba.

Kwa nini kunde? Hewa unayovuta ina naitrojeni nyingi, karibu sehemu nne kwa tano, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa hewani. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria wanaoishi ndani ya vinundu vya mizizi ya mikunde. Bakteria hao huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Mmea nao huwalipa kwa sukari. Mabaki ya mmea yakifukiwa na kuoza, naitrojeni hiyo hubaki udongoni kwa zao lifuatalo.

Watu wengi humtaja Carver kwa vitu alivyotengeneza kwa karanga, lakini kazi yake ya udongo ilikuwa kubwa zaidi. Aliandika vijitabu kwa lugha nyepesi. Tangu mwaka 1906, gari la kukokotwa na wanyama lilipeleka zana na mbegu vijijini, kwa maana mkulima mwenye deni hakuwa na nafasi ya kwenda chuoni. Alifariki Tuskegee tarehe 5 Januari, 1943.

Sasa chimbua taratibu mche wa kunde unaotoa maua. Usiuvute kwa nguvu, vinundu vitakatika. Osha mizizi, kisha pasua kinundu kimoja kwa ukucha. Ukiona wekundu ndani yake, bakteria wako kazini.