Ira Aldridge: Mwigizaji Mweusi aliyefungiwa milango ya London akashangiliwa Ulaya nzima

KATIKA karne ya 19, wakati mamilioni ya watu weusi walikuwa wangali wakiuzwa na kununuliwa kama mifugo, mwana wa New York alisimama kwenye majukwaa ya Ulaya akiwatoa machozi watazamaji wasioelewa hata lugha aliyoitumia. Jina lake lilikuwa Ira Aldridge.

Alizaliwa Julai 24, 1807, jijini New York, ambako utumwa ulikuwa bado halali. Alisomea shule iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto weusi, na baba yake, Daniel, aliyekuwa mhubiri, alitamani mwanawe afuate nyayo zake. Kijana huyo hata hivyo alikuwa amenogewa na maigizo.

Mnamo 1821, William Brown, mtu mweusi aliyewahi kufanya kazi katika meli, alianzisha ukumbi wa African Grove jijini humo. Huko watu weusi waliigiza tamthilia za William Shakespeare mbele ya watazamaji weusi. Ukumbi huo haukudumu. Wahuni waliuvamia, polisi wakawakamata waigizaji, na baada ya miaka michache ukafungwa. Aldridge alitambua kwamba Marekani haikuwa na nafasi ya kipaji chake. Mnamo 1824, akiwa na umri wa miaka 17 hivi, alivuka Bahari ya Atlantiki kuelekea Uingereza.

Mwaka uliofuata alianza kuigiza London, akichukua nafasi ya Othello, yule jemadari mweusi wa Venisi anayeangamizwa na wivu. Mwaka huo huo alimwoa Mwingereza Margaret Gill. Ili kuwavuta watazamaji, matangazo yake yalidai kwamba alikuwa wa ukoo wa kifalme kutoka Senegal, jambo ambalo halikuwa kweli.

Mtihani mkubwa ulimfika 1833. Edmund Kean, mwigizaji aliyesifika kuliko wote Uingereza wakati huo, alizirai jukwaani Machi 25 akiigiza Othello katika ukumbi wa Covent Garden, na akafariki Mei. Aprili 10, Aldridge alisimama mahali pake. Watazamaji walimshangilia, lakini baadhi ya magazeti yalimshambulia vikali. Yalichukizwa kwamba mtu mweusi alithubutu kukanyaga jukwaa hilo tukufu, na hata kumgusa mwigizaji wa kike mzungu, Ellen Tree. Aliigiza mara mbili tu, kisha maonyesho yakasitishwa.

Haikuwa sadfa kwamba chuki hiyo ilipamba moto mwaka huo. Bunge la Uingereza lilikuwa likijadili kukomesha utumwa katika makoloni yake, na sheria ilipitishwa Agosti. Aldridge alikuwa ushahidi hai wa kuwaumbua waliodai kwamba mtu mweusi hana akili wala utu.

Baada ya kunyimwa kumbi kuu za London, alishika njia. Kwa karibu miaka 20 alizunguka miji ya Uingereza, Scotland na Ireland. Hakutaka kubaki mtu wa Othello pekee. Alijipaka rangi nyeupe na kuigiza Macbeth, Shylock, Richard wa Tatu na Mfalme Lear. Mara kwa mara, alipoaga mji, aliwahutubia watazamaji kuhusu uovu wa utumwa.

Mnamo 1852 alivuka kwenda Ulaya bara. Alizunguka Ujerumani, Austria, Hungary na kwingineko, akaigiza kwa Kiingereza huku wenzake wakimjibu kwa lugha za kwao. Watawala walimtunukia nishani. Huko St Petersburg, Urusi, mwaka wa 1858, alifanya urafiki na mshairi Taras Shevchenko wa Ukraine, aliyezaliwa mtumwa wa mashamba ya mabwanyenye. Mshairi huyo alimchora picha ambayo ingalipo.

Alipata uraia wa Uingereza mnamo 1863. Margaret alifariki mwaka uliofuata, naye akamwoa Amanda von Brandt wa Sweden. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomalizika Marekani na utumwa kukomeshwa, alianza mipango ya kurudi kuigiza alikozaliwa. Nabii hakubaliki kwao, na yeye hakupata hata fursa ya kujaribu. Alifariki Agosti 7, 1867, akiwa safarini mjini Łódź, Poland, na akazikwa huko.

Bintiye, Amanda, aliyekuwa mwimbaji na mtunzi wa muziki, aliishi hadi 1956. Ndiye aliyemfunza Mmarekani mweusi Paul Robeson kutamka maneno ya Othello alipojiandaa kuigiza London mnamo 1930, karibu karne nzima baada ya kisa cha Covent Garden.

Kijana wa Ndithini, Machakos, anayejiandaa kwa tamasha ya drama za shule leo haambiwi kwamba jukwaa si la watu wa rangi yake. Aldridge aliambiwa hivyo maisha yake yote, naye akajibu kwa kupanda jukwaani katika mji uliofuata.