Escoffier: Mpishi aliyejua tofauti ya mlo wa mchana na wa usiku

MTEJA anayekula mchana katika mgahawa mkubwa wa Paris au London mara nyingi hulipa kiasi kidogo kuliko yule atakayeketi katika kiti hicho hicho saa mbili usiku. Jiko ni lile lile, wapishi ni wale wale, na hata vitambaa vya meza ni vile vile. Ndiyo maana wapo wanaodhani kuwa mlo wa mchana ni mlo wa usiku uliopunguzwa tu.

Mtu aliyeipinga dhana hiyo kwa vitendo na kwa kalamu ni mpishi wa Kifaransa aliyefariki dunia mwaka 1935 akiwa na umri wa miaka 88. Huyo ni Georges Auguste Escoffier.

Escoffier alizaliwa Oktoba 28, 1846, katika kijiji cha Villeneuve-Loubet, karibu na mji wa Nice, kusini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mfua chuma. Kijana huyo alitamani kuwa mchongaji wa sanamu, lakini alipofikisha umri wa miaka 13 alipelekwa Nice kujifunza kazi katika mgahawa wa baba yake mdogo. Kwa kuwa alikuwa mfupi wa kimo, alivaa viatu vyenye visigino virefu ili uso wake uwe mbali na moto wa majiko.

Jiko la enzi hizo lilikuwa mahali pa mateso. Makaa yaliwaka tangu alfajiri hadi usiku wa manane, wapishi walipigiana kelele na kutukanana, na wengi wao walikata kiu kwa pombe. Upishi haukuhesabiwa kuwa kazi ya heshima. Escoffier aliyaona hayo yote, akayaweka moyoni.

Mwaka 1865 alihamia Paris kufanya kazi katika mgahawa wa Le Petit Moulin Rouge. Vita kati ya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, aliitwa kuwa mpishi wa jeshi huko Metz, ambako mji ulizingirwa na chakula kikaadimika. Humo alijifunza kutotupa chochote kinacholika, na somo hilo hakulisahau.

Mwaka 1884 alichukua uongozi wa jiko la Grand Hôtel ya Monte Carlo, iliyokuwa chini ya Mswisi César Ritz. Wawili hao walikamilishana kama chanda na pete. Ritz alifahamu mgeni anataka kuketi vipi, naye Escoffier alifahamu mgeni huyo anataka kula nini. Mwaka 1890 waliingia London kuiendesha hoteli ya Savoy, iliyofunguliwa mwaka mmoja kabla yake pembezoni mwa mto Thames.

Hapo ndipo tofauti ya mchana na usiku ilipoanza kuonekana dhahiri. Mgeni wa mchana alikuja na nguo zake za kazi, akala kwa mwanga wa jua, na alikuwa na shughuli za kurudia. Mgeni wa usiku alikuja na mkewe aliyevaa gauni na vito, akaketi chini ya taa za umeme, akijua kwamba atatazamwa. Kabla ya hapo haikuwa kawaida kwa wanawake wa tabaka la juu nchini Uingereza kula hadharani. Savoy ilisaidia kuibadili desturi hiyo.

Kwa mgeni wa mchana, adui alikuwa muda. Ili kumshinda adui huyo, Escoffier aliligawa jiko katika vikosi, kila kimoja na mkuu wake: wa michuzi, wa nyama za kuchoma, wa samaki, wa mayai na mboga, na wa vitamu. Mfano unaotajwa mara nyingi ni sahani ya mayai iitwayo Meyerbeer. Mpishi mmoja akiiandaa peke yake alitumia dakika zipatazo 15. Chini ya mpango mpya, mmoja alipika mayai kwa siagi, wa pili akachoma figo ya kondoo, wa tatu akatengeneza mchuzi, na sahani ikatoka kwa dakika chache tu.

Kwa mgeni wa usiku, kazi ilikuwa nyingine. Kundi la watu wanne au zaidi liliweza kulipa bei moja na kumwachia mpishi achague kila kitu. Jina la mwenyeji lilipelekwa jikoni, Escoffier akapanga mlo mzima, kisha akahifadhi nakala yake katika daftari ili mtu yule yule asipate karamu ile ile mara ya pili. Karamu za usiku pia zilizaa sahani zilizobeba majina ya watu, kama pichi kwa aiskrimu ya vanila, aliyoitunga kwa heshima ya mwimbaji wa Australia, Nellie Melba.

Tofauti hiyo aliiandika pia kitabuni. Katika Le Guide Culinaire, kilichotoka mwaka 1903 kikiwa na maelekezo ya vyakula zaidi ya 5,000, alieleza kuwa vyakula vidogo vya baridi vya kufungulia mlo vina nafasi yake halali mchana, lakini usiku havina maana, kwani huharibu ladha ya supu inayofuata. Aliruhusu vichache tu, kama vile chaza. Kwake yeye, kila saa ilikuwa na njaa yake.

Hata kilichobaki mezani hakikupotea. Usiku matajiri walipokula vifua vya kware, miguu ya ndege hao ilihifadhiwa. Asubuhi watawa waliokuwa wakiwatunza wazee maskini walifika Savoy na mkokoteni kuichukua, pamoja na mabaki ya mikate, kahawa na majani ya chai.

Hata hivyo, maisha yake hayakukosa doa. Machi 1898, yeye na Ritz walifukuzwa Savoy. Mwaka 1900 Escoffier alitia saini hati ya kukiri kuwa alipokea fedha kutoka kwa wafanyabiashara walioiuzia hoteli vyakula. Hasara aliyotakiwa kuilipa ilitajwa kuwa pauni 8,000, lakini alikuwa na uwezo wa kulipa 500 tu. Suala hilo lilifichwa, na umma haukulifahamu hadi miaka ya 1980.

Wakati huo hoteli ya Ritz ilikwishafunguliwa mjini Paris, Juni 1898, na Carlton ya London ikafuata mwaka 1899. Akiwa Carlton, Escoffier alipiga marufuku matusi na pombe jikoni, akawawekea wapishi kinywaji cha shayiri kwa ajili ya joto. Mwaka 1910 alichapisha pendekezo la mfuko wa kusaidiana dhidi ya umaskini. Novemba 1914 mwanawe Daniel aliuawa vitani, naye pamoja na mkewe, Delphine Daffis, wakawalea wajukuu wanne.

Ufaransa ilimtunuku nishani ya Légion d'honneur, na mwaka 1928 akapandishwa daraja. Delphine alifariki Februari 6, 1935. Siku sita baadaye, Februari 12, Escoffier naye alifariki huko Monte Carlo. Nyumba aliyozaliwa imekuwa makumbusho ya upishi tangu mwaka 1966.

Bei ya chini ya mchana, basi, haina maana kwamba mgeni amepewa makombo ya usiku. Mchana sahani huwa chache na muda huwa mfupi, na meza ambayo ingekaa tupu hupata mtu, ilhali pango la jengo na mishahara ya wapishi ni ile ile. Anayetaka kuupima uwezo wa jiko anaweza kuupima hata mchana, kwa sababu mikono iliyopika mayai adhuhuri ndiyo itakayosimama tena mbele ya moto ule ule jioni. Mikono hiyo ndiyo Escoffier aliyotaka iheshimiwe.