Mganga Aliyeandikwa Jina Lake

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, niliwaeleza kidato cha pili faida za mimea. Nikafika kwenye mwarobaini. Binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza ni nani aliyegundua kwamba mti huu ni dawa. Kwa haraka haraka nikajibu: wanasayansi. Darasa zima likainama, likaandika. Jibu lile limenikaa rohoni mpaka leo, kwa sababu mimi mwenyewe niliogeshwa majani ya mwarobaini na bibi yangu, na bibi hakuwahi kuingia maabara.

Nikaanza kusoma. Mti huu asili yake ni Bara Hindi, na huko ndiko nilikokutana na Itty Achudan.

Aliishi karne ya 17 katika pwani ya Malabar, kusini magharibi mwa India, kwenye jimbo ambalo leo ni Kerala. Alikuwa Mwezhava, yaani mtu wa tabaka lililohesabiwa kuwa la chini. Lakini ukoo wake ulikuwa wa waganga wa Ayurveda kizazi hadi kizazi, na elimu yao waliiandika juu ya majani ya miti ya jamii ya mitende na kuwarithisha watoto. Katika uganga huo mwarobaini ni dawa chungu yenye tabia ya baridi: gome lake ni la homa, majani ni ya vidonda na magonjwa ya ngozi, mbegu hukamuliwa mafuta, na vijiti ni mswaki.

Wakati huo mji wa Kochi ulikuwa chini ya Kampuni ya Kiholanzi, na gavana wake, Hendrik van Rheede, alitaka kitabu cha mimea yote ya Malabar. Sasa atampata wapi mwenye kuijua? Ndipo Itty Achudan akaitwa. Alisoma maandishi ya ukoo wake na kueleza kwa Kimalayalam, mkalimani Emanuel Carneiro akaandika kwa Kireno, kisha wengine wakageuza kuwa Kilatini. Wataalamu watatu wa Kibrahmani, Ranga Bhat, Vinayaka Pandit na Appu Bhat, nao walichangia. Kitabu hicho, Hortus Malabaricus, kilichapishwa Amsterdam kati ya 1678 na 1693, juzuu 12, mimea zaidi ya 700. Mwarobaini umo, tena kwa jina lake la Kimalayalam.

Kilichonigusa zaidi ni hiki. Juzuu ya kwanza ina ushahidi wa Itty Achudan mwenyewe, wa tarehe 20 Aprili 1675, akieleza yeye ni nani na elimu yake ameitoa wapi. Umechapwa kwa hati ya Kimalayalam, na ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa ya lugha hiyo kupigwa chapa. Wazee wangapi walihojiwa na wageni enzi zile, halafu kitabuni wakawa wenyeji tu?

Ila jina kuandikwa si mwisho wa habari. Baadaye Linnaeus alizitumia juzuu hizo, akaipa mimea majina mapya, na dunia ikamkumbuka yeye. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya iliipa serikali ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace haki ya dawa ya kuvu iliyotokana na mafuta ya mwarobaini. Ilibidi watu wapinge hadi ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Hoja ilikuwa rahisi tu: hilo si jambo jipya, India walilijua zamani.

Jamani, sisemi ukiugua uache kwenda zahanati ukachemshe majani. Nasema hivi: wengi wetu mwaka wa tatu tunaingia vijijini na daftari kuwahoji wazee. Tukirudi tunaandika eti inaaminika, eti wenyeji husema. Mzee akiridhia, mwandike jina, na aliyemfundisha pia.

Na yule binti wa dawati la nyuma bado nina deni lake. Nilimpa jibu lisilo na mtu ndani yake.