Nahodha wa Nyambizi: Maisha ya Wolfgang Lüth

Ndugu zangu tuliomaliza zamani, nanyi vijana mlioko madarasani, mtu akisimama Shimo la Mungu pale Newala huliona bonde lote la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Kwa kuwa bahari haionekani, wengi wetu wa Masasi na Newala hudhani Vita Kuu ya Pili ya Dunia haikutuhusu. Ilituhusu. Ndiyo sababu naeleza maisha ya mtu huyu.

Wolfgang Lüth alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1913 mjini Riga, katika familia ya Kijerumani. Mwaka 1933 aliingia jeshi la majini la Ujerumani, na mwishoni mwa 1939 alikabidhiwa nyambizi ya kwanza kuiongoza.

Wakati huo njia ya bahari ya Mediterania ilikuwa ya hatari. Meli zilizopeleka silaha na chakula Misri zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikapanda kaskazini kupitia pwani zetu. Nyingi zilisafiri peke yake, bila manowari ya kuzilinda. Lüth alifika huko Novemba 1942 na nyambizi U-181. Katika safari hiyo alizamisha meli 12, nyingi karibu na Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo. Mwaka 1943 alirudi, akakaa baharini zaidi ya miezi sita, akazamisha nyingine 10, nyingi kati ya Msumbiji, Madagaska na Morisi. Waliokufa wengi walikuwa mabaharia wa kawaida, si askari.

Huku Tanganyika nguo na bidhaa za dukani ziliadimika. Tena, tarehe 12 Februari 1944, nyambizi ya Kijapani iliizamisha meli Khedive Ismail iliyotoka Kilindini, karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu karibu 1,300, miongoni mwao mamia ya askari wa Afrika Mashariki.

Lüth alisifiwa kwa kuwatunza watu wake. Aliwaandalia michezo na nyimbo ili wasichoke, na mwaka 1943 alitoa mhadhara kuhusu uongozi ndani ya nyambizi. Alipewa nishani ya juu kabisa, wa kwanza katika jeshi lake la majini. Lakini alikuwa Mnazi wa kweli, na bidii yake yote aliitoa kwa utawala uliowaona binadamu wengine kuwa si kitu.

Ujerumani iliposalimu amri, Lüth alikuwa mkuu wa chuo cha majini huko Flensburg. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Mei 1945 alipita gizani ndani ya eneo lake. Mlinzi kijana alimwita, hakujibu, akampiga risasi. Alikuwa na miaka 31, akaacha mke na watoto wanne. Mlinzi hakuonekana na hatia, kwa kuwa alifuata amri.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazini tunahimizwa kila siku utii na ufanisi. Lüth alikuwa navyo vyote viwili. Kwa hiyo, vijana, mkipewa kazi msiulize tu namna ya kuifanya vizuri. Ulizeni pia inamfaa nani, na inamzamisha nani.