Georg Ohm: Mwalimu aliyepuuzwa, leo jina lake linaamua kama amplifaya ya gari lako itaungua

Geuza spika yoyote ya gari uangalie nyuma ya sumaku. Utakuta namba mbili. Ya kwanza ni ya wati, na hiyo ndiyo inayouza spika dukani. Ya pili ni ndogo, mara nyingi ni 4, na pembeni yake kuna alama ya Ω. Wengi hawaiangalii kabisa.

Alama hiyo inasomwa ohm. Kumbe ni jina la mtu: Georg Simon Ohm, mwalimu wa hisabati na fizikia kutoka Ujerumani, aliyefariki mwaka 1854, zamani kabla gari la kwanza la petroli halijaingia barabarani.

Alichogundua ndicho kinachoeleza kwa nini amplifaya moja inapiga mziki miaka na miaka, na nyingine inatoa moshi wiki ya kwanza.

Mtoto wa fundi makufuli

Ohm alizaliwa Machi 16, 1789, katika mji wa Erlangen. Baba yake, Johann Wolfgang, alikuwa fundi makufuli. Hakupata shule ya maana, lakini alijifundisha mwenyewe hisabati na sayansi, kisha akawafundisha wanawe nyumbani.

Maisha hayakuwa mepesi. Mama alifariki Georg akiwa na miaka 10. Kati ya watoto saba wa familia hiyo, ni watatu tu waliofika utu uzima. Mmoja wao, mdogo wake Martin, naye alikuja kuwa mwanahisabati.

Mwaka 1805 Georg aliingia Chuo Kikuu cha Erlangen. Huko akanogewa na starehe: dansi, biliadi na kuteleza kwenye barafu. Baba akaona hela inapotea bure. Baada ya mihula mitatu akamtoa chuoni, na mwaka 1806 kijana akapelekwa Uswisi kufundisha hisabati shuleni.

Huko ndiko alikotulia. Alifundisha huku akijisomea, akarudi Erlangen mwaka 1811 na kupata shahada ya udaktari mwaka huohuo.

Lakini udaktari haukumpa kazi nzuri. Alifundisha chuoni kwa muda mfupi, malipo yakawa kidogo, akahamia shule moja ya Bamberg ambayo nayo ilifungwa. Mwaka 1817 akapata kazi katika shule ya sekondari mjini Cologne. Shule hiyo ilikuwa na kitu alichokihitaji sana: maabara ya fizikia.

Waya, barafu na maji ya moto

Enzi hizo betri ilikuwa tayari imevumbuliwa na Volta wa Italia. Watu walijua umeme unapita kwenye waya. Kilichokosekana ni hesabu: ukibadilisha waya, umeme unaopita unabadilika kwa kiasi gani?

Ohm aliamua kupima. Alitengeneza vifaa vyake kwa mikono, na hapo ufundi wa karakana ya baba ulimsaidia. Alining'iniza sindano ya sumaku juu ya waya. Umeme ukipita, sindano inageuka, na kadiri mkondo unavyokuwa mkubwa ndivyo inavyogeuka zaidi.

Tatizo likawa betri. Nguvu yake ilikuwa inapanda na kushuka, na vipimo vyake vya mwanzo, mwaka 1825, vikamletea kanuni isiyo sahihi.

Kwa ushauri wa mwanafizikia Poggendorff, mwaka 1826 akaiweka betri pembeni. Akaunganisha metali mbili, shaba na bismuthi. Kiungo kimoja akakiweka kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu. Tofauti hiyo ya joto inazalisha umeme mdogo lakini usioyumba.

Baada ya hapo akabadilisha nyaya moja baada ya nyingine, fupi kwa ndefu. Jibu likajitokeza safi: gawanya volteji kwa ukinzani wa njia, unapata mkondo. Ukinzani ukipungua nusu na volteji ikabaki ileile, mkondo unakuwa mara mbili.

Kitabu kilichomponza

Ohm aliomba likizo, akaenda Berlin kwa mdogo wake Martin akiwa analipwa nusu mshahara. Mwaka 1827 akachapisha kitabu chake kuhusu mkondo wa umeme. Matumaini yake yalikuwa kwamba kitabu hicho kingemfungulia mlango wa uprofesa.

Mlango haukufunguka. Kitabu kilijaa hesabu nzito, na wanafizikia wengi wa Ujerumani wa wakati huo hawakuona kwa nini umeme uelezwe kwa hesabu. Wengine walikikosoa vikali, wengine hawakuhangaika hata kukisoma.

Mwaka 1828 Ohm aliacha kazi yake ya Cologne. Alikuwa na karibu miaka 39, hana cheo, na kazi bora ya maisha yake imekataliwa. Akabaki Berlin akiishi kwa kazi ndogo za kufundisha hisabati. Hali hiyo ilidumu hadi 1833, alipopata nafasi katika chuo cha ufundi cha Nuremberg.

Heshima ikatoka London

Mwaka 1841, miaka 14 baada ya kitabu kile, Royal Society ya London ilimpa medali ya Copley, tuzo yake kubwa kuliko zote. Mwaka uliofuata ikamfanya mwanachama wake wa kigeni. Nyumbani nako watu wakaanza kumwangalia kwa jicho jingine.

Wengi hawajui kwamba Ohm aligusa pia upande wa sauti. Mwaka 1843 alieleza kwamba sikio huipokea sauti yenye mchanganyiko kwa kuichambua katika sauti moja moja za msingi. Wazo hilo baadaye liliendelezwa na Helmholtz.

Uprofesa kamili wa Chuo Kikuu cha Munich aliupata mwaka 1852, akiwa na miaka 63. Aliufaidi kwa muda mfupi tu. Alifariki Munich Julai 6, 1854.

Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme uliofanyika Paris uliidhinisha jina lake litumike kama kipimo cha ukinzani. Alama yake ni Ω, herufi ya Kigiriki iitwayo omega.

Ohm ndani ya gari lako

Sasa rudi kwenye spika. Spika nyingi za gari ni za ohm 4. Ukinzani wa spika hubadilika kufuatana na sauti inayopita, na fundi akiipima kwa mita huku imezimwa mara nyingi anakuta 3 na ushee. Usishtuke, ni kawaida.

Chukua mfano wa amplifaya inayosukuma volti 20 kwenye spika:

- Spika ya ohm 4: mkondo ni ampea 5, nguvu ni wati 100.
- Mzigo wa ohm 2: ampea 10, wati 200.
- Mzigo wa ohm 1: ampea 20, wati 400.

Ukiishia kwenye wati, unaweza kuona ni ofa. Angalia ampea. Ohm zikishuka, amplifaya inalazimishwa kutoa mkondo mkubwa zaidi, na kama haikutengenezwa kwa kazi hiyo, inachemka. Ukibahatika inajizima yenyewe au fyuzi inakatika. Usipobahatika, inaungua.

Hapa ndipo wengi wanapotegwa. Spika mbili za ohm 4 zikifungwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa ohm 2. Zikifungwa kwa mfululizo, moja ikifuata nyingine, zinakuwa ohm 8. Spika ni zilezile, lakini mzigo ni tofauti kabisa.

Mtego wa pili ni sabufa. Chaneli mbili za amplifaya zikiunganishwa kusukuma sabufa moja, kila chaneli inaona nusu ya ohm zake. Ndiyo maana amplifaya nyingi zinakubali ohm 2 kwa kila chaneli, lakini zikiunganishwa zinataka ohm 4 au zaidi.

Basi kabla ya kulipa, anza na kitabu cha maelekezo cha amplifaya. Tafuta ohm za chini kabisa inazoruhusu. Piga hesabu ya spika zako zitakavyofungwa, uone kama mzigo haushuki chini ya hapo. Ukimaliza ndipo ulinganishe wati, na utumie zile zilizoandikwa RMS, maana ndizo spika inazoweza kuzihimili mfululizo. Wati kubwa za kwenye boksi ni za kishindo cha muda mfupi tu.

Hesabu hiyo haichukui hata dakika tano. Ohm aliitafuta kwa miaka, ikamgharimu kazi yake, na wenzake wakachelewa zaidi ya miaka kumi kuikubali. Amplifaya haitakusubiri muda wote huo.