Mwalimu Nyerere alivyoikatalia televisheni, Sumbawanga ikabaki na redio yake

Leo kijana wa Sumbawanga anafungua simu tu, anakutana na sura ya Mwalimu Julius Nyerere akihutubia. Wengi hawajui kwamba Mwalimu huyohuyo aliongoza nchi zaidi ya miaka 20 bila kuruhusu televisheni Tanzania Bara.

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasomea ualimu Makerere, kisha akaenda Edinburgh. Wakati anashika nchi, jirani zake Kenya na Uganda walikuwa wanaanza kurusha picha. Miaka ya 1970 hata Zanzibar ikapata televisheni, tena ya rangi. Bara, kimya.

Hoja yake ilimtazama mkulima. Mitambo ingenunuliwa kwa fedha za kigeni zinazotokana na kahawa, pamba na katani, halafu wa kutazama wangekuwa wachache wenye umeme mjini. Mfipa anayelima mahindi na ulezi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, angechangia gharama bila kuona chochote.

Redio ilikuwa habari nyingine. Unaweka betri, unaibeba mpaka shambani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza redio. Walijifunza kuchimba vyoo na kujikinga na malaria.

Kwenye sanaa nako alikuwa mkali. Mwaka 1962 aliunda wizara ya utamaduni, akihofia Watanzania wangebaki kuiga ngoma za wengine huku wakizionea aibu za kwao. Chini ya utawala wake, mwishoni mwa 1969, muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam.

Lakini mtu huyo huyo alimpenda Shakespeare. Alimtafsiri mwenyewe kwa Kiswahili: tafsiri ya Julius Caesar ikatoka 1963, Mabepari wa Venisi 1969. Cha kigeni kilikaribishwa, mradi kizungumze lugha ya wenyeji.

Msimamo huo ulikuwa na bei yake. Redio ilikuwa moja, ya serikali, hivyo mwenye mawazo tofauti hakuwa na pa kusemea. Wanamuziki nao walibanwa. Bendi zilirekodi Radio Tanzania na kupendwa nchi nzima, lakini kiwanda cha kutengeneza santuri hakikuwepo. Mbaraka Mwinshehe na wenzake walilazimika kuvuka mpaka kurekodi Kenya.

Nyerere aliondoka Ikulu mwaka 1985. Televisheni binafsi zikaanza Bara mwaka 1994, na yeye hakuzikimbia. Mwaka uliofuata, kuelekea uchaguzi wa vyama vingi, alisimama mbele ya kamera na kuwasema viongozi kuhusu rushwa na ukabila. Hotuba yake ya Mei Mosi pale Mbeya bado inazunguka kwenye simu mpaka sasa.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Rais Benjamin Mkapa alilitangazia taifa msiba huo kwenye televisheni na redio. Wa mjini walimwona Rais akitoa taarifa. Vijijini, Ufipa ikiwemo, wengi waliipata kwa sauti tu, kupitia kile chombo ambacho Mwalimu aliwachagulia.